Fransisko wa Assisi, mtu aliyeishi kwa kuazima



Mtakatifu Fransisko wa Assisi wengi tunamjua kwa picha. Kanzu ya kahawia, kamba kiunoni, ndege begani, mbwa mwitu ametulia miguuni. Picha hiyo iko kwenye kalenda, kwenye kadi, hadi kwenye fulana za semina za mazingira. Nadhani imetufanya tumzoee kupita kiasi, tukamwona kama mtu mpole aliyependa wanyama, basi. Mimi nilipoanza kusoma masimulizi ya zamani ya maisha yake, yale ya watu waliomfahamu au waliowauliza waliomfahamu, nilikutana na mtu mgumu zaidi ya huyo wa kwenye kalenda. Alikuwa na msimamo mmoja uliomfuata mpaka siku ya kufa: hapa duniani hakuna kitu changu. Kila alichokishika alikishika kama mtu aliyeazima. Mimi naona namna yake ya kutunza miti, maji na viumbe ilitoka hapo, na ndiyo maana naomba niwasimulie maisha yake kwa upande huo.

Alizaliwa mwaka 1181 au 1182 katika mji wa Assisi, Italia ya kati, nyumbani kwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Pietro di Bernardone. Baba alikuwa safarini Ufaransa kwa shughuli zake, mama yake, Pica, akampa mtoto jina la Yohane. Pietro aliporudi akambadilishia, akamwita Francesco, jina lenye maana ya Mfaransa. Kijana akakua na pesa mkononi. Alivaa vizuri, alilipia wenzake karamu, usiku wakazunguka mjini wakiimba. Siku hizi tungemwita mtoto wa kishua. Ndoto yake ilikuwa kuwa askari mwenye farasi na sifa. Mwaka 1202 Assisi ikapigana na mji jirani wa Perugia, ikashindwa, naye akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Alirudi nyumbani akiwa mgonjwa.

Kilichofuata hakikutokea kwa siku moja. Kulikuwa na wagonjwa wa ukoma nje ya mji, ambao zamani hakuweza hata kuwatazama kwa mbali. Akaanza kwenda kwao na kuwahudumia, na mwenyewe alikuja kuhesabu hilo kama mwanzo wa toba yake. Kisha kuna siku aliyokuwa akisali mbele ya msalaba uliochorwa katika kikanisa kilichochakaa cha San Damiano, akasikia Kristo akimtuma akaitengeneze nyumba yake inayobomoka. Sisi wa seminarini huwa tunaharakisha kueleza kwamba nyumba ile maana yake ni Kanisa zima. Ni kweli kabisa. Ila Fransisko mwenyewe alielewa kwamba ukuta ule pale una nyufa, akaenda kutafuta mawe. Aliomba mawe mjini, akayabeba mgongoni, huku watu waliomjua na nguo zake za thamani wakimcheka. Mimi napenda sana kwamba alianza hivyo, na ukuta uliokuwa mbele ya macho yake.

Lakini kwanza alikuwa ameuza vitambaa vya baba yake, na farasi juu yake, ili apate pesa za ukarabati. Pietro hakukubali. Kesi ikafika mbele ya askofu Guido mwaka 1206. Hapo Fransisko akarudisha pesa, akavua nguo zote alizovaa, akazikabidhi kwa baba yake, akasimama uchi mbele ya watu, na akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo baba yake ni yule wa mbinguni tu. Askofu akamfunika kwa joho lake. Tukio hili tunalihubiri kama tendo la ushujaa, na sawa. Ila mimi humwonea huruma Pietro pia. Mzee yule alipoteza mtoto siku ile, na vitambaa vilikuwa vyake kweli.

Tangu hapo Fransisko hakumiliki tena. Wenzake walipoanza kumfuata, mmoja mmoja, wakakaa kwenye kibanda kibovu mahali paitwapo Rivotorto. Mwaka 1209 hivi walikwenda Roma, Papa Innosenti III akawaruhusu waishi Injili kwa namna yao. Siku moja mkulima akaja na punda wake, akamwingiza ndani ya kibanda huku akimsemesha punda kwa sauti ili wale watawa wasikie. Mtu mwingine angedai haki ya aliyetangulia. Fransisko akawaambia ndugu zake waondoke, wakamwachia punda nyumba.

Ndipo Wabenediktini wa abasia ya mlima Subasio wakawapa kikanisa kidogo cha Bikira Maria kiitwacho Porziuncola. Wamonaki walitaka kuwapa bure. Fransisko akakataa kupewa. Alitaka kukitumia tu. Kwa hiyo kila mwaka ndugu zake walikuwa wanapeleka abasiani kikapu cha samaki wadogo wa mtoni, kama kodi ya pango, ili wasisahau kwamba nyumba ina mwenyewe. Wamonaki nao wakawa wanarudisha shukrani kwa mtungi wa mafuta. Kikapu cha samaki! Najua kanisa lile dogo lipo mpaka leo, limefunikwa ndani ya basilika kubwa, na mahujaji huingia kwa mamia. Mimi ningeingia nikiwaza wale samaki.

Katika jambo hili hakuwa na mzaha hata kidogo. Aliporudi siku moja Porziuncola akakuta watu wa mji wamewajengea ndugu nyumba ya mawe kwa ajili ya mkutano wao mkuu, alipanda juu ya paa na kuanza kung'oa vigae na kuvitupa chini. Ikabidi askari wa mji wamwambie kwamba nyumba ile ni mali ya mji wa Assisi na wala si ya ndugu. Kusikia hivyo akashuka. Na huko Bologna, aliposikia watu wanaita jengo fulani nyumba ya ndugu, akaamuru wote watoke, hata wagonjwa. Walirudi pale tu kardinali Ugolino alipotangaza hadharani kwamba jengo ni lake yeye kardinali. Wagonjwa kutolewa nje, mimi naona alizidisha. Lakini hapo unamwona mtu ambaye neno langu lilimwogopesha kuliko njaa.

Shirika lake lilikuja kubishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja: je, mtu anaweza kutumia kitu bila kukimiliki hata kidogo? Mkate nilioumeza utasemaje si wangu? Mapapa na wanasheria wa Kanisa waliandika sana. Darasani kwetu mjadala huo ulichukua vipindi viwili na kengele ikatukuta hatujamaliza. Fransisko hakuandika kitabu juu ya hilo. Jibu lake lipo kwenye jinsi alivyotumia vitu, na hapa ndipo masimulizi yanapokuwa matamu, kwa sababu yamejaa mambo madogo madogo ambayo hakuna mtu angeona sababu ya kuyatunga.

Ndugu waliokwenda kukata kuni aliwaagiza wasikate mti wote; waache sehemu yake, ili uwe na tumaini la kuchipua tena. Ndugu wa bustani alimwagiza asilime bustani yote kwa mboga za kula. Aache kingo bila kupanda kitu, majani ya mwituni yaote na maua yatoke kwa wakati wake, maana nayo yana kazi ya kumsifu aliyeyaumba. Zaidi ya hapo akataka kuwe na kitalu cha maua yenye harufu nzuri. Fikiria hali yao: watu wanaoomba chakula mlango kwa mlango, wana bustani ndogo, na mkuu wao anasema sehemu ya ardhi hiyo isilimwe. Kwa hesabu ya jikoni ni hasara. Kwa mtu aliyeazima shamba la mwenyewe, ni adabu ya kawaida kumwachia mwenye shamba sehemu yake.

Alipotaka kunawa alichagua mahali ambapo maji machafu yakimwagika hayatakanyagwa na watu. Majira ya baridi, nyuki wasife, alitaka wawekewe asali au divai nzuri karibu na mizinga. Samaki mkubwa aliyepewa na mvuvi kwenye ziwa la Rieti alimrudisha majini palepale kando ya mtumbwi. Na akiwa njiani akimwona nyungunyungu katikati ya barabara, aliinama, akamwokota, akamweka pembeni ili asikanyagwe. Alikuwa anakumbuka ile zaburi ya mateso, ambamo mwenye haki anajiita mdudu na wala si mtu, na Kanisa linamsikia Kristo akisema humo.

Huyo nyungunyungu alinisaidia siku moja. Nilikuwa kwenye semina ya vijana ya dekania, tumemaliza mada ya mazingira, na kijana mmoja wa mwaka wa pili chuoni akasimama. Hakuwa anabeza, alikuwa amechoka kweli. Alisema nyuma ya hosteli yao kuna mfereji uliojaa chupa za plastiki, wao wanaokota kila Jumamosi, Jumatatu umejaa tena. Viwanda vinamwaga uchafu, matajiri wanakata misitu kwa maelfu ya ekari, mabadiliko ya tabianchi yameletwa na nchi ambazo yeye hajawahi hata kufika. Sasa frateri, akaniuliza, chupa yangu moja inabadilisha nini?

Swali hilo ni zito, tusilipuuze kwa kumwambia mtu haba na haba hujaza kibaba. Wakati mwingine kibaba hakijai. Katika falsafa tulisoma wanaopima wema wa tendo kwa matokeo yake peke yake, na kwa kipimo hicho kijana yule ana haki ya kukaa chini: matokeo ya chupa moja ni karibu na sifuri. Matokeo ya nyungunyungu mmoja pia. Barabara za Italia zilikuwa na nyungunyungu wasiohesabika, mvua ikinyesha wanatoka tena, na wengi walikanyagwa na mikokoteni siku ileile. Fransisko alijua hivyo, hakuwa mjinga. Lakini mtu aliyeazima jembe, jioni ikifika analisafisha na kulirudisha, wala haulizi kwanza wilayani kuna majembe mangapi yaliyovunjika. Analirudisha kwa sababu lilikuwa mkononi mwake na lina mwenyewe. Hayo ndiyo niliyomjibu yule kijana, kwa maneno marefu zaidi na kwa kigugumizi. Sijui kama yalimtosha. Alikaa, akaandika kitu kwenye daftari.

Na isije ikaeleweka kwamba Fransisko alitaka watawala waachwe hivihivi. Kuna simulizi kwamba alitamani kuonana na mfalme mkuu, yaani kaisari, amwombe atunge sheria mbili. Ya kwanza, watu wakatazwe kukamata na kuua wale ndege wadogo wa mashambani, wenye rangi ya udongo, ambao kamusi zetu zinawaita kipozamataza. Ya pili, kila Krismasi watu wamwage nafaka barabarani nje ya miji ili ndege hao wapate kula, na ng'ombe na punda walishwe vizuri usiku huo. Sheria zinasaidia, sisi Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tumejifunza tena kwenda sokoni na kikapu. Ila Fransisko hakuisubiri sheria ya kaisari ndipo aanze kuwajali ndege.

Habari za mbwa mwitu wa Gubbio mnazijua. Niseme ukweli wa darasani: hadithi hiyo tunaipata katika kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, kwa hiyo siwezi kuiweka sawa na habari za bustani. Lakini hebu tazama makubaliano yenyewe. Mbwa mwitu anaua watu na mifugo. Fransisko anakwenda kuzungumza naye, anamkemea, halafu anawaambia watu wa mji kwamba mnyama huyu alifanya hayo kwa njaa. Kuanzia hapo yeye hatadhuru mtu, nao watamlisha kila siku. Mnyama akaishi mjini miaka miwili, akizunguka nyumba kwa nyumba, mpaka akafa kwa uzee. Wahubiri husisitiza mbwa mwitu alivyotii. Wale wenyeji nao walitii, na wao ndio waliolipa gharama, sahani kwa sahani, kwa miaka miwili.

Sikubaliani naye katika kila kitu. Siku moja ameketi karibu na moto, nguo yake ikashika moto gotini, mwenzake akakimbilia kuuzima, naye akamzuia eti asimdhuru ndugu Moto. Ikabidi aitwe mkuu wa nyumba auzime kwa nguvu. Mtakatifu, lakini jamani!

Niende haraka kidogo. Mwaka 1219 alivuka bahari mpaka Misri wakati wa vita vya msalaba, akaenda kuonana na sultani al-Kamil bila silaha, akarudi salama, ila na ugonjwa wa macho. Krismasi ya 1223 aliadhimisha Noeli pangoni Greccio akiwa na hori, nyasi, ng'ombe na punda halisi. Septemba 1224, mlimani La Verna, alipata madonda ya Kristo mwilini mwake.

Halafu ukaja mwaka 1225. Alilala San Damiano, karibu na Klara na masista wake, ndani ya kibanda cha mikeka. Macho yalikuwa yameharibika kiasi kwamba hakuweza kuvumilia mwanga wa jua mchana wala wa moto usiku. Panya walimpanda mwilini, hakupata usingizi, akaanza kujihurumia. Katika hali hiyo ndipo alipotunga, kwa lugha ya kawaida ya watu wa kwao, ule Utenzi wa Viumbe ambao ndani yake jua, mwezi, upepo, maji, moto na ardhi wanaitwa ndugu, dada na mama. Soma tena hiyo: mtu ambaye jua linamuumiza macho anaanza na jua. Hakuwa anaimba juu ya mandhari aliyokuwa anaifurahia dirishani. Alikuwa kipofu karibu kabisa, na panya. Baadaye askofu na mkuu wa mji walipogombana, aliongeza beti la wanaosamehe, akawatuma ndugu wakawaimbie wote wawili, nao wakapatana. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza msimamizi wa watunza mazingira mwaka 1979, na Papa Fransisko alipoupa waraka wake wa mwaka 2015 jina la Laudato Si', wote waliutazama utenzi huo. Ulitoka kwenye kibanda kile.

Waganga waliamua kumchoma kwa chuma cha moto, kuanzia karibu na sikio hadi kwenye nyusi, wakidhani itaponya jicho. Alimwomba ndugu Moto awe mpole kwake saa ile. Ndugu zake walikimbia nje kwa hofu. Dawa haikusaidia kitu.

Mwaka 1226 aliomba awe Porziuncola, kwenye kile kikanisa cha kodi ya samaki. Aliomba alazwe chini, uchi, juu ya udongo mtupu. Mkuu wake wa nyumba akaelewa anachokitaka. Akaleta kanzu, nguo ya ndani na kofia ya gunia ya kufunika makovu ya kuchomwa, akamwambia kwa utii kwamba vitu hivi unaazimwa tu, si vyako, huna ruhusa ya kumpa mtu mwingine. Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Yeye aliposikia ni ya kuazima alifurahi, akainua mikono, akavaa.

Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba. Waliokuwepo walisimulia kwamba wale ndege wadogo wenye rangi ya udongo, ambao kwa kawaida hupenda mwanga na giza likiingia hutulia, walikuja kundi kubwa juu ya paa, wakazunguka chinichini wakiimba, na usiku ulikuwa umeshaanza.